Rezista ya bloa ikiungua mara mbili, shusha mota uitazame

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Probox, inabeba abiria na mizigo kati ya Tandahimba na Mtwara mjini. Mwezi wa tano feni ya AC iligoma namba 1, 2 na 3 kwa mpigo, ikabaki namba 4 peke yake. Fundi akabadilisha rezista, ikawa nzima. Sasa ni Agosti na imerudia vilevile. Fundi anasema nichague: ninunue rezista nyingine, au aunge waya moja kwa moja tuachane na mambo ya rezista. Nauliza, tatizo ni rezista kweli? Na mota yenyewe imekaa wapi, naweza kuifungua mwenyewe? Gari linabeba pia mifuko ya salfa msimu huu, kama hilo lina maana. – Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba. Rezista yako imekufa, hapo fundi wako hajakosea. Ila rezista inayokufa Mei na kufa tena Agosti inauawa na kitu, na mimi naishuku mota kabla ya kingine chochote. Ukinunua ya tatu bila kuishusha mota na kuitazama, itakufa Novemba, katikati ya mnada wa korosho, wakati gari halina nafasi ya kulala gereji. Na salfa ina maana, tena kubwa. Nitaifikia.

Kwanza tuelewane kifaa kinavyofanya kazi, maana ukikielewa hakuna atakayekuuzia spea usiyoihitaji. Bloa ni feni moja tu inayosukuma hewa yote ya ndani, iwe umewasha AC, hita au umeacha hewa ya nje ipite. Pwani huku hita tunaisahau kabisa, lakini mwenye kupanda Newala asubuhi za Juni na Julai anajua kioo cha mbele kinavyofunga ukungu, na hapo ni bloa hiyohiyo inayokufungulia macho. Hata injini ikianza kuchemka njiani, kufungua hita hadi mwisho na kuweka bloa namba 4 huchota sehemu ya joto la maji na kulimwaga ndani ya gari. Mtaloa jasho, lakini mnapata nafasi ya kutafuta mahali salama pa kusimama. Kwa hiyo bloa si ya starehe tu.

Ukiweka namba 4, mota inapata umeme wote bila kupitia rezista. Namba 3 umeme unapita kwenye kipande kimoja cha rezista, namba 2 unapita viwili, namba 1 unavipitia vyote. Ndiyo sababu rezista ikifa, namba 4 inabaki hai. Sasa angalia ulichoandika: namba zote tatu zilikwenda kwa mpigo. Ingekuwa ni kipande cha mwisho kimechoka na kukatika, ungepoteza namba 1 peke yake. Zikizimika zote tatu pamoja, mara nyingi kilichokatika ni kile kifyuzi kidogo cha joto kilichochomelewa juu ya rezista. Kazi yake ni moja tu, kukata umeme rezista inapopata moto kupita kiasi. Kwa maneno mengine, rezista yako ilikuwa inachemka, na kifyuzi kikaokoa gari lako. Mei kimeokoa, Agosti kimeokoa tena.

Kwa nini ichemke? Rezista inapunguza nguvu ya umeme kwa kuugeuza kuwa joto, haina njia nyingine. Tuseme ina omu 1.75 na mota inavuta ampea 4 kwa namba 1: joto lake ni wati 28. Sasa mota ikizeeka, bushi (zile pete zinazoshika shafti) zimekauka, pangaboi linakwaruza, ikaanza kuvuta ampea 6. Utadhani joto limeongezeka nusu. Hapana, linafika wati 63, zaidi ya mara mbili, kwa sababu joto linapanda kwa ampea zidisha ampea. Mota iliyochoka kidogo tu inaichoma rezista vibaya, na wewe kwenye kiti unasikia feni inazunguka kama kawaida.

Jambo la pili ni upepo. Rezista imewekwa ndani ya njia ya hewa kwa makusudi, ili bloa yenyewe iipoze. Filta ya hewa ya ndani ikiziba, au majani yakijaa kwenye pangaboi, hewa inapungua na rezista inakosa kipoozi chake. Anayeegesha chini ya mwembe au mkorosho afungue boneti atazame lile shimo la chini ya waipa. Majani yanayozama pale huziba mifereji ya maji, na mvua za Desemba hadi Aprili zikija maji yanatafuta njia ya kuingilia bloa. Mota nyingi zinazoshushwa huku zina kutu kwenye shafti kwa sababu hiyo, na hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani inamalizia. Panya nao msiwasahau. Gari likikaa wiki mbili uani wanajenga humo.

Sasa salfa. Ule unga mnaopuliza kwenye mikorosho kuanzia Juni kupambana na ubwiriunga ni adui wa shaba. Shaba ikikutana na salfa inafanya utando mweusi, na utando huo unazuia umeme. Ndani ya mota yako kuna kaboni mbili zinazosuguana na kipande cha shaba kinachozunguka, na kwenye soketi za waya kuna miguu ya shaba. Ukibeba mifuko nyuma, vioo vimefungwa, AC imewashwa kwa hewa ya kuzunguka ndani, bloa inavuta ule unga na kuupitisha kwenye pangaboi siku nzima. Magari mengi ya kazi hayana hata filta hapo. Kwa hiyo ukibeba salfa weka AC kwenye hewa ya nje na ufungue vioo kidogo. Mifuko ifunikwe na turubai. Kifua chako pia kitakushukuru.

Tuje kwenye kufungua. Ndiyo, unaweza mwenyewe. Unahitaji bisibisi nyota fupi, soketi namba 8 na namba 10, taa ya kupimia ya volti 12, na tochi ya kuvaa kichwani. Ukiwa na mita ya umeme ni bora zaidi.

Kwa gari lenye usukani kulia, na magari yetu karibu yote ya Japani yako hivyo, mota ya bloa imekaa upande wa kushoto, nyuma ya kile kidroo cha dashibodi mbele ya abiria. Piga magoti nje ya mlango wa abiria, ingiza kichwa pale anapoweka miguu, tazama juu: utaona kitu cha mviringo, kikubwa kama sahani ya chai, kina soketi ya waya mbili nene. Hiyo ndiyo mota, imening'inia kutoka chini. Rezista ni kibamba kidogo chenye soketi ya waya tatu, nne au zaidi, kimefungwa kwa skurubu mbili pembeni ya mota, upande wa kuelekea katikati ya gari. Kwenye aina nyingine za gari iko juu kidogo na huioni mpaka kidroo kitoke.

Wenye magari ya Ulaya wasije wakalala chini ya dashibodi bure: baadhi yao bloa unaifikia kwa kufungua boneti, chini ya waipa, na Land Rover Defender za zamani boksi zima la hita liko upande wa injini. HiAce yenye AC ya nyuma ina bloa ya pili, na ile ina rezista yake.

Kidroo hutoka kirahisi. Fungua, toa vitu vyako, chomoa kile kijiti au kamba ya kukizuia kisianguke ghafla, kisha bana kuta zake mbili kwa ndani mpaka vizuizi vipite. Kitashuka chini chenyewe, ukivute kwako. Tahadhari moja usiichukulie mzaha: gari likiwa na eabegi ya abiria, ipo juu ya hapo unapofanya kazi. Soketi zake ni za njano. Usizichomoe, usizichokoe na taa ya kupimia. Kabla ya kuanza kufungua skurubu, toa kichwa cha hasi cha betri na usubiri dakika mbili nzima.

Lakini vipimo vya umeme vinafanywa kabla ya kutoa betri, tuvipitie. Fungua switi ya gari bila kuwasha injini, weka namba 4. Mota yako inazunguka, kwa hiyo fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha mota) na waya mkuu ni vizima. Usikubali mtu akuuzie rilei. Sikiliza. Inaanza kwa haraka au inajivuta? Ina mlio wa kukwaruza? Izime, kisha iwashe tena huku ukiigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mota inayobadilisha kasi au mlio kwa kugongwa, kaboni zake zinakaribia mwisho.

Sasa weka namba 1, mota ikiwa imenyamaza, na ushike ncha ya athi (upande wa hasi) ya taa ya kupimia kwenye chuma cha bodi. Gusa miguu yote miwili ya soketi ya mota kwa nyuma, bila kuichomoa. Hapa mafundi wengi wanapotea. Katika Toyota nyingi za swichi ya kuzungusha, chanya inafika kwenye mota moja kwa moja, na swichi inakata upande wa athi, kupitia rezista. Kwa hiyo rezista ikikatika, taa itawaka kwenye miguu yote miwili, na mtu asiyejua atasema umeme upo, mota imekufa. Ukiona taa inawaka pande zote mbili, mota ni nzima au angalau haijakatika. Njia ya athi ndiyo iliyokatika, na hiyo ni rezista au swichi. Weka namba 4 uthibitishe: mguu mmoja unawaka, mwingine unafifia kabisa, mota inazunguka. Ingekuwa mguu mmoja unawaka, mwingine una athi safi, na mota kimya, hapo mota ndiyo maiti.

Rezista ukiishatoa, ipime kwa mita upande wa omu. Kati ya mguu na mguu unatakiwa upate namba ndogo, omu chache au chini ya moja. Mita isipoonyesha kitu, pamekatika. Ila kilicho muhimu zaidi kwako ni macho: tazama soketi iliyokuwa imechomekwa humo. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka upande mmoja, mguu ule umelegea, unachemka wenyewe, na ukiweka rezista mpya kwenye soketi ile utakuwa umeitupa. Nunua soketi na vipande vyake vya waya, unganisha kwa waya wa unene uleule, uchomelee kwa risasi au ubane kwa kibanio chake, na ufunike kwa mpira wa joto, ule unaonywea ukipashwa moto. Kuzungusha waya kwa vidole na kufunga gundi nyeusi hakufai hapa. Ampea ni nyingi mno.

Kisha shusha mota. Chomoa soketi yake, na kama kuna kimpira kidogo cha kupitisha hewa ya kuipoza, kitoe na ukumbuke kilivyokaa. Skurubu ni tatu, moja mara nyingi imejificha upande wa ukuta, hapo ndipo bisibisi fupi inapojilipa. Ishikilie kwa mkono mmoja ukitoa ya mwisho, itakuangukia usoni na vumbi lake lote. Gari la salfa? Funga kitambaa puani.

Izungushe kwa kidole. Nzima inazunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuiachia. Ikisimama papo hapo, ikikwaruza, au shafti ikicheza ukiitikisa kulia na kushoto, umempata muuaji wako. Safisha pangaboi la plastiki kwa brashi kavu, lakini vile vibanio vidogo vya chuma vilivyo kwenye mapanga usivitoe. Vimewekwa kiwandani kulisawazisha, ukivitoa litatetemesha dashibodi nzima. Baadaye iunganishe na betri nje ya gari, kwa waya wenye fyuzi, ukiwa umeibana kwa goti, maana inaruka. Ikizunguka kinyume umegeuza chanya na hasi tu.

Je, inatengenezeka? Wakati mwingine. Kama bushi ni nzima na tatizo ni kaboni fupi au shaba iliyofanya weusi, fundi wa kufunga mota atakuwekea kaboni na kuipiga msasa laini. Ikiwa shafti inacheza, mimi sipotezi muda, nanunua nyingine. Kumiminia oili ya injini kwenye bushi ninakopingana nako kabisa: inanyamaza wiki moja, oili inatembea mpaka kwenye kaboni, inachanganyika na vumbi, na mota inaungua mapema kuliko ungeiacha.

Spea ukikosa Mtwara au Masasi, itatoka Kariakoo kwa basi. Kabla ya kutuma hela, piga picha mota ya zamani kutoka juu na pembeni, rula ikiwa imelala kandoni, na picha ya soketi kwa karibu. Muuzaji aone matundu matatu ya skurubu, upana wa pangaboi, urefu wake na umbo la soketi. Umwambie pia ni ya gari la usukani kulia na ya volti 12, kwani za malori ya volti 24 zipo dukani na kwa sura zinafanana. Ya mtumba kutoka Japani ni sawa kabisa, mimi naipendelea kuliko mpya ya bei ya kutupa, ila iwashwe dukani na muuzaji akurekodie video yenye sauti. Rezista, kwa upande wake, nunua mpya.

Kuhusu kuunga waya moja kwa moja. Kuna mambo mawili ambayo fundi anaweza kuwa anayamaanisha. Kama ni kupeleka umeme wote kwenye mota ili izunguke kwa kasi moja, hiyo ndiyo namba 4 uliyonayo sasa bila kumlipa mtu. Kama ni kuruka kile kifyuzi cha joto kwa kipande cha waya ili rezista ileile iendelee, mkatalie. Nimeeleza kwamba kifyuzi kimekata mara mbili kwa sababu ya moto. Ukikiondoa, moto haujaondoka, umeondoa kilichokuwa kinauzuia, na pale nyuma kuna plastiki, sponji na vumbi la salfa, ambalo nalo linashika moto. Na asije mtu akakuwekea fyuzi kubwa zaidi kwenye boksi. Iliyoandikwa HTR au HEATER kwenye Toyota nyingi ni ya ampea 30 au 40, ibaki namba iliyochapwa kwenye kifuniko.

Wenye AC ya kubonyeza, inayojiongoza yenyewe kwa joto, mjue kwamba pale penye rezista kwenu kuna moduli yenye mapezi ya alumini. Hiyo haipimwi kwa omu kama hii. Dalili zake ni bloa kukwama kwenye kasi moja, au kuendelea kuzunguka hata gari likizimwa.

Ukirudisha vyote, usifunge kidroo haraka. Washa injini, weka namba 1 na uiache nusu saa. Namba za chini ndizo zinazoitesa rezista, namba 4 haikuambii kitu. Zima, kisha weka mkono kwenye soketi ya rezista. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuushikilia mkono hapo, mota bado inavuta kupita kiasi au mguu wa waya umelegea, na usiondoke gereji. Mwenye mita ya kubana inayosoma umeme wa betri apime pia ampea kwenye waya wa mota kwa namba zote nne. Mita ndogo za kuchomeka mwisho wake ni ampea 10, kwa namba 4 utaziunguza. Namba hizo ziandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kidroo, pamoja na tarehe. Kabla ya kupakia salfa mwakani mwezi wa sita, pima tena, na zikiwa zimepanda shusha mota uisafishe.